Kabla Hujawapa Hodi Voi

Mwanangu Shafi,

Umekwenda Mbololo kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mpaka ule na ufungiwe vya njiani, kwa hiyo ninao mchana huu wa kuandika. Nimefunga saiberi mapema. Mteja mmoja amegonga dirisha akitaka kuchapishiwa karatasi za shamba, nikamwambia arudi kesho, na wewe wanijua, mimi si mtu wa kumwambia mteja arudi kesho.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, wala kuswali kwa wakati. Hayo nimeyasema miaka yote, na kama hayajaingia mpaka leo, barua haitayaingiza. Sweta nimeshakutilia kwenye begi, yatosha. Nataka kukuandikia habari ya Hodi Voi, kwa sababu jana tulisemezana vibaya mbele ya chakula, ukainuka sahani ikiwa nusu, na kesho treni inakuchukua.

Nilivyoelewa mimi ni hivi, na unisahihishe kama nimekosea. Kampuni iliyokupa kazi Nairobi inauza linki. Mtu ana tovuti yake, anataka ionekane juu watu wanapotafuta mtandaoni. Kampuni inakwenda kwenye tovuti nyingine, ya zamani, inayoaminika, inalipa ili utiwe mstari mmoja ambao ukibonyezwa unakupeleka kwa huyo mteja wao. Mashine ya kutafuta ikiona tovuti ya zamani imemtaja fulani, inamhesabu kuwa ni mtu wa maana. Hilo halikunishangaza, maana nimelifanya mwenyewe. Kilichonishtua ni kwamba kwenye mahojiano waliulizia Hodi Voi zaidi kuliko walivyokuulizia wewe. Ni orodha ya biashara za Taita Taveta, imekaa mtandaoni tangu ukiwa shule ya msingi, na mashine ya kutafuta inaihesabu kuwa safi. Wakataka uje nayo. Nawe ukawaahidi kuwa Jumatatu utakuja nayo, kabla hujaniuliza mimi niliyeianzisha.

Sababu zako nilizisikia, ingawa ulidhani sisikilizi kwa kuwa nilikuwa nimekupa mgongo nasugua sufuria. Ulisema biashara ya kulipisha watu ili waorodheshwe inakufa. Ni kweli, inakufa, wanaolipa wanapungua kila mwaka na wengine wananilipa kwa kunionea haya. Ulisema siku hizi watu hawafungui kurasa, wanaiuliza mashine na mashine inawajibu papo hapo. Ni kweli pia. Ulisema kampuni haitafuta jina la mtu yeyote, itaongeza tu mistari yake hapa na pale: michezo ya kubahatisha, mikopo ya simu, dawa za kupunguza tumbo. Nikakuuliza, na hawa watu wetu? Ukanijibu, "Watu wetu hawatajua hata." Hapo ndipo nilipoangusha kifuniko cha sufuria. Hakikuniponyoka.

Hodi Voi haikuzaliwa kwa akili nyingi, mwanangu. Ilizaliwa kwa kuchoka kuulizwa. Saiberi ilikuwa na kompyuta nne na feni moja mbovu, na kila mgeni aliyeshuka Voi aliingia kwangu kuuliza: wapi pa kulala, nani ana gari la kuingia mbugani, fundi wa rejeta ya gari yuko wapi. Nikajibu mpaka nikachukia. Basi nikaandika yote mtandaoni, nikawaambia wasome. Wenye biashara walipoona wateja wanakuja wakiwa na majina yao mdomoni, wakaanza kuja wenyewe na pesa mkononi wakitaka kuandikwa.

Sharti langu lilikuwa moja tu. Sikuandiki mpaka nipige hodi kwako. Unakumbuka babako alivyokuwa akinicheka, eti nafunga safari mpaka Bura kumwandika mtu anayeuza kabichi. Nilikwenda. Nilipanda malori ya mboga nikirudi na matope mpaka magotini. Nilipiga hodi mara tatu kama tulivyolelewa, na nisipojibiwa nilirudi zangu, na nilipokwenda tena mara kadhaa bila kumkuta mwenyewe, sikumwandika. Kuna mwenye gesti mmoja hapa hapa mjini ameninunia mpaka leo kwa hilo. Nikikaribishwa ndani niliomba maji ya kunywa ili nione yanatoka kwenye chombo gani, kisha niliomba kwenda msalani ili nione msala. Watu walidhani nina maradhi. Lakini mgeni aliyefuata nilichoandika alilala salama, na hilo nililijua kwa macho yangu.

Kisha akanipigia yule mtu.

Kisa chake unakijua, ila unakijua upande wa mwisho tu. Upande wa mwanzo ni huu. Ilikuwa Ramadhani, saa za alasiri, wakati ambao kila anayenipigia namwona adui. Alijiita Harith. Alinisalimu kwa salamu kamili, akaulizia nyumba, wazee, waliofunga na wanaoumwa, na kila swali akasubiri nimjibu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mombasa alichokuwa akisema marehemu mamangu, sijakisikia hapa Voi tangu azikwe. Tukaongea mpaka nikasahau kiu. Mwisho akasema ana mahali pa wageni karibu na geti la mbuga, paitwa Kambi ya Tausi, anataka aandikwe Hodi Voi na linki ya kwenda kwenye tovuti yake. Nikamwambia sharti langu. Akasema, "Mamangu, nikutese uje huku juani na swaumu yako? Njoo baada ya Idi, tukupikie."

Nikaona haya, Shafi. Ukweli wenyewe ni huo. Si pesa iliyonipofua, alilipa kama wengine. Nilimwona mtu wa watu, aliyejua kuulizia wazee wangu, nikajiona mshenzi kumwambia lazima kwanza nije nikague msala wako. Sisi hapa tumefunzwa kuwa aliyekusalimu vizuri humjibu kwa kumshuku. Mzungu angemwambia tuma vyeti. Mimi nikamwambia ahsante kwa heshima yako, nikamwandika jioni ile ile kabla ya kufuturu. Baada ya Idi nikawa na shughuli.

Upande uliobaki, wewe mwenyewe ulikuwepo. Familia ile ya Kirinyaga, baba, mama, watoto wawili na nyanya yao, wamelipa kila kitu kwa simu, wamefika mahali palipoonyeshwa na kukuta ua wa mkonge na mbuzi wa watu. Mwenye pikipiki akawaambia labda mama wa saiberi anapajua, maana ndiye anayepajua kila mahali. Uliwapa kitanda chako. Yule nyanya alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, akaniuliza kama tembo hupita karibu na nyumba yetu, na nilitamani sana wapite.

Asubuhi ulikuwa umeshaondoka kwenda shule, kwa hiyo haya hukuyasikia. Yule baba alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe, akaniuliza taratibu tu.

"Mama, pale mahali, wewe ulifika?"

"Sikufika."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kubeba mizigo. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikisubiri anitukane, na hakunitukana. Mpaka leo nikiweka kikombe mezani hunijia yule baba. Kambi ya Tausi niliifuta saa ile ile, na simu ya Harith haikupatikana tena.

Sasa tuje kwenye lile neno lako la jana. Ulisema, "Mama, hizo linki ndizo zilinisomesha." Nilibaki nasugua sufuria iliyokuwa imeshatakata.

Maana ni kweli. Nilifuta Kambi ya Tausi, lakini zile linki nyingine nilizoziuza sikuzigusa. Za kamari, za mikopo, za watu nisiowajua wa nchi nisizozijua. Hazikuwa na nyumba ya kupigia hodi, kwa hiyo nikajiambia hazimo kwenye sharti langu. Nilizitia chini kabisa ya kurasa kwa maandishi madogo. Karo yako ya sekondari ilitoka humo, na viatu, na ile safari ya shule uliyokwenda Kisumu ukarudi na surua. Nilikuwa nikijiambia maneno yako yale yale, kwamba watu wetu hawatajua hata.

Kisha mashine ya kutafuta ikagundua kuwa tunauza linki, na hilo imelikataza. Asubuhi moja Hodi Voi ikawa haionekani, hata ukiitafuta kwa jina lake. Niliwaambia watu ni hitilafu ya mtandao. Wakati huo Wakesho wa Mghange, yule mwenye vyumba viwili vya wageni wanaokuja kupanda milima, alikuwa akiishi kwa simu zinazotoka kwetu. Zikakatika. Hakunipigia kulalamika, wala hakujua kuwa kuna la kulalamikia. Alidhani kosa ni lake. Nilipopanda kumwona nilimkuta amepaka vyumba rangi upya, amenunua blanketi mpya, na banda la kuku amelihamishia mbali kwa kudhani makelele yanawakera wageni. Akanivuta mkono mpaka ndani, akaniambia ninuse kama ukuta una harufu ya moshi. Nikanusa. Nikamwambia hauna. Nikashuka na lori la mboga nikilia mbele ya dereva.

Wiki ile nilizitoa zote. Ilichukua muda mrefu tukaonekana tena, na ule muda hakuna aliyemrudishia Wakesho. Kwa hiyo ndiyo, Shafi, linki zilikusomesha. Na yeye alichanga karo yako pia, bila kuombwa na bila kujua. Nilikuwa sitaki kukwambia hivyo kwa sababu wewe ulikuwa mtoto na hukuomba chochote. Lakini umelitaja mwenyewe, na ni vizuri ulijue zima.

Kuna jambo jingine, na hili ni jipya. Mwezi uliopita uliniwekea kwenye simu ile mashine ya kuulizwa maswali, ukanionyesha inavyoandika barua na mapishi. Ulipotoka, mimi nikaiuliza la kwangu. Nikaandika: familia yenye watoto na mzee wao, ilale wapi Voi? Ikanijibu kwa adabu kweli kweli. Ikanitajia hoteli mbili ninazozijua. Kisha ikasema kuna Kambi ya Tausi, karibu na geti la mbuga, mahali patulivu panapofaa familia.

Nikaifuta simu kwa kanga kana kwamba ni uchafu uliokuwa kwenye kioo. Nikauliza tena kwa njia nyingine, ikanipa jibu lile lile. Nilikaa nikafikiri mpaka nikaelewa. Orodha nyingine zilikuwa zimenakili yetu siku zile kabla sijafuta. Nyingine zikanakili hizo. Mashine ikaja ikasoma zote, ikaona wengi wamepataja, ikaamini kuwa papo kweli. Na wengi hao wote ni mimi peke yangu, jioni moja, nina njaa, nimesalimiwa vizuri.

Kwa hiyo unaponiambia orodha zinakufa, nakubali kuwa pesa zake zinakufa. Sijui kazi hii itakuwaje miaka ijayo, na ninavyoona hata hao waliokuajiri hawajui, ndiyo maana wana haraka ya Jumatatu. Ila nimeona kitu kimoja. Hiyo mashine haina miguu. Haijawahi kupanda Mghange ikanyeshewa. Kila inachokisema kuhusu mahali petu, ama kuna mtu aliyefika akakiandika, ama kuna mtu aliyekizua. Linki nilizouza mimi zilimdanganya yule aliyebonyeza, na akikasirika alikuwa na mlango wa kuja kubisha. Hizo mtakazouza nyinyi atazisoma huyo asiye na miguu, atazisema kwa sauti yake nzuri, na aliyedanganywa hatajua hata aanzie kwa nani.

Nakuandikia haya na roho yangu haijatulia. Naogopa, Shafi. Naogopa utawapa Hodi Voi, na ile kamari na zile dawa zikajificha nyuma ya jina la Wakesho na majina ya wenzake. Naogopa vile vile kukunyima. Nimekuona mwaka baada ya mwaka ukituma maombi ya kazi na kuifunika simu kifudifudi ili usione majibu. Nilikuona siku ulipopata hii, ulivyoingia dukani ukaagiza soda za watu wote bila kuuliza bei. Kama nikikunyima na wao wakakuacha, utarudi hapa, utakaa kwenye kile kiti changu cha saiberi, na kila ukiniangalia utamwona mtu aliyekuzuia. Heri nikukose kwa mbali kuliko nikukose ukiwa mbele yangu. Nimelia juu ya hilo leo, na sioni haya kukuambia.

Basi nimefanya jambo tangu ulipoondoka asubuhi, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Hodi Voi nimeihamishia kwako. Si kuazima, wala si tugawane. Imesajiliwa kwa jina lako. Nenosiri liko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii, nimeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu unalalamikia mwandiko wangu. Jumatatu ukitaka kuwapa, wape. Sitakupigia simu nikulilie, wala sitamtuma babako. Ukiwapa nitabaki kuwa mamako na wewe utakuja Idi na nitakupikia biriani kama kawaida, ingawa huenda nikanuna mpaka siku ya pili.

Lakini nimefanya na jingine. Nimewapigia simu wote walioandikwa humo, mmoja mmoja, mpaka sikio limeniuma. Nimewaambia mimi nimestaafu, na kuanzia kesho anayebeba majina yao ni mwanangu Shafi. Nimewaambia kuna kampuni ya Nairobi inayoitaka orodha ili itie mambo yake humo, na kwamba wewe ndiye utakayeamua, si mimi. Sikukusema vibaya. Nambari yangu iliyokuwa chini ya kila ukurasa nimeitoa, nimetia yako. Ulisema watu wetu hawatajua. Sasa wanajua, na wanajua pa kuuliza.

Utasema nimekutega. Nimekutega kidogo, sikatai. Ila mimi nilipokosea nilikuwa peke yangu na salamu za mtu masikioni, hapakuwa na sauti nyingine ya kuniuliza. Wewe sikutaka uwe peke yako Jumatatu.

Wengine walinipongeza kana kwamba nimemwoza mtoto. Mmoja aliomba aondolewe leo leo, nikamwondoa. Wakesho aliuliza tu Nairobi utakula nini, nikamwambia hayo sitakuandikia. Wa mwisho alikuwa Mzee Mwandoe wa Bura, yule anayepeleka mboga mahotelini, ambaye kwenye simu hupaza sauti kana kwamba nipo ng'ambo ya bonde. Nilipomaliza kumweleza akaongea, safari hii kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Sasa Mama Shafi, hiyo kijana yako, mtu akipiga, atashika?"

Nimemwambia utashika.

Mimi mamako, ninayekupenda na kukuogopea kwa pamoja,
Maimuna